Mfupa Kwenye Mkaa

Enzi zile Fisi alipokuwa bado anaheshimika barazani, jambo ambalo halikudumu, mvua iligoma miaka mitatu. Kilima kilichowahi kuwa msitu mnene kilibaki nyasi kavu na kichaka kimoja tu cha mivule penye chemchemi. Wanyama wote walikunywa hapo.

Fisi akasimama, tumbo mbele, akashauri kichaka kichomwe. Ukame ndio uliomaliza msitu, alidai, na hiki nacho kitakufa tu. Afadhali kiungue, majani mabichi yachipue, swala wapate malisho. Huruma ya Fisi kwa swala! Simba alikubali, kwa kuwa Fisi alikuwa amemwita Mtukufu mara nne.

Sungura aliomba jambo dogo. Kinamasi cha chini ya kilima kimekauka, kichimbwe kwanza, maana kila mwaka hulaza tope lake juu ya tope la mwaka uliopita. Na achimbe Fisi, mwenye kucha imara kuliko wote. Fisi, mpenda sifa, akachimba.

Juu kulitoka mkaa mwingi na mbegu za nyasi. Chini yake, kokwa na majani ya miti. Chini zaidi, mchanga mweupe wa ukame mkali kuliko huu, bila hata chembe ya mkaa.

"Mtukufu," akasema Sungura, "ukame ule ulipita na miti ikarudi. Baada ya mkaa haikurudi. Nani huwasha moto?"

"Radi," akajibu Fisi upesi.

Lakini kwenye mkaa wa juu palichomoza mfupa. Fisi mwenye akili angeuacha. Huyu aliutia mdomoni, akafumba macho, akasahau yuko wapi.

"Ngiri wa bondeni," akanong'ona kwa mapenzi. "Siku tuliyouchoma upande ule, upepo ulitusaidia sana. Ila baba alimwacha motoni akaungua mno."

Simba aliona haya, kwanza kwa kudanganywa, kisha kwa kukumbuka nani aliletewa paja la ngiri yule.

Kichaka kikaachwa. Fisi akaamriwa kupanda miche ya mivule kilima kizima na kuimwagilia mpaka itoe kivuli. Akapanda na kibuyu cha maji begani, swala wakimtazama, na ule mfupa bado ulikuwa mdomoni. Hata hapo hakuweza kuutema.