Zamu ya Farasi Kuuliza

Wapendwa, kabla hatujaendelea, nipeni masikio yenu niwapeleke Timau, kule juu ambako baridi humfanya mtu azungumze mikono ikiwa mfukoni. Huko aliishi mkulima mmoja wa shayiri. Ni mfano huu, kwa hiyo kina mama wa kule nyuma msianze kunong'onezana ni nani.

Mkulima huyu alikuwa amebarikiwa. Shamba lilimlipa jasho lake, watoto walisoma wakaenda kujitegemea, na mkewe alikuwa mtu wa kanisani, mpole, wa maneno machache. Kilichomsumbua ni magoti. Shamba lake liko mteremkoni, na kila akishuka kuangalia shayiri, kupanda kurudi nyumbani kulikuwa adhabu. Watu wakamwambia, "Nunua pikipiki." Akakataa. Tangu utotoni alikuwa akitazama farasi wakipita kuelekea mashamba makubwa, na alijiapia kwamba Mungu akimjalia, atalizunguka shamba lake mwenyewe akiwa juu ya farasi. Je, hiyo ni dhambi? Si dhambi. Mungu hachukii furaha ya mtu mzima.

Basi akaanza kuulizia. Wajuzi wakamweleza kwamba kuna farasi wa damu moto, wale wa mbio, ambao hata kivuli chao wenyewe huwashtua. Kuna wa damu baridi, wanene, wa kuvuta mizigo. Halafu kuna waliochanganywa kwa vizazi vingi, wakachukua wepesi wa hawa na utulivu wa wale. Hao huitwa wa damu vuguvugu, na ndio wazuri wa kupanda. Namwona mzee wa kanisa ametabasamu pale mbele. Anadhani leo nitahubiri uvuguvugu wa imani. La, baba, huo una siku yake. Kwa farasi, uvuguvugu ni sifa.

Akasikia kuwa upande wa Nanyuki yuko mama mmoja mjane anayefuga na kufundisha farasi wa aina hiyo, na kwamba ana mmoja wa kuuza. Asubuhi moja akamchukua mkewe, wakaenda.

Farasi alipotolewa bandani, mkulima alisahau hata kusalimia. Alikuwa farasi mrefu, wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye macho makubwa ya upole. Jina lake Kirimara, jina ambalo watu wa kule huuitia Mlima Kenya. Akamsogelea mkulima, akanusa kofia yake, akashusha pumzi ndefu ya joto shingoni mwake. Mkulima akacheka kama mtoto.

Lakini huyu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akafunua midomo, akatazama meno. Akanyanyua mguu mmoja mmoja, akagonga kwato. Akaomba farasi akimbizwe, kisha akaweka sikio ubavuni kusikiliza moyo. Halafu yakaja maswali.

"Mama, huyu anauma?"

"Hapana."

"Anapiga mateke?"

"Ukimjia kwa nyuma bila kumsemesha, atapiga. Msemeshe kwanza."

"Kuna kitu anachokiogopa?"

"Mifuko ya nailoni ikipeperushwa na upepo. Na hapendi kuvuka maji asiyoona chini yake. Utashuka, utatangulia wewe, naye atafuata."

"Amewahi kumwangusha mtu?"

"Aliniangusha mimi. Nilikuwa na haraka, nikamlazimisha kuruka mahali alipokuwa amekataa. Baridi ikivuma, bega hili linanikumbusha."

Mkulima akamgeukia mkewe. "Umesikia, Mama Mwenda? Muuzaji anakutajia kasoro za mali yake mwenyewe! Wauzaji wote wangekuwa hivi, dunia ingepona." Akapanda, akazunguka uwanja taratibu, magoti hayakumuuma hata kidogo. Aliposhuka uso wake ulikuwa unang'aa. Bei wakakubaliana bila kuvutana. Akanyoosha mkono kumshukuru yule mama.

Mama hakuupokea mkono ule.

"Bado, mzee wangu," akasema. "Umeuliza yako yote, nami nimekujibu. Sasa ni zamu ya farasi."

"Farasi haongei, mama."

"Ndiyo sababu namsemea. Ana swali moja tu. Ukikasirika, mkono wako huenda wapi?"

Mkulima akacheka. Akamtazama mkewe ili wacheke pamoja, kama tufanyavyo tukitaka shahidi. Wapendwa, mkewe hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama nyasi.

Kicheko kikamfia mdomoni. Halafu, kama ilivyo kawaida yetu tukiguswa penye kidonda, ikaja hasira. "Mama, mimi nimekuja kununua mnyama, sikuja kuungama! Watu wa heshima zao wananijua kuanzia hapa hadi Meru!" Akaupiga mlango wa uwanja kwa kiganja, pwa! Farasi akaruka nyuma, masikio yakalala. Yule mama akamshika shingo, akamtuliza, wala hakusema neno. Angesema nini tena? Swali lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Wakarudi. Njia nzima mkulima alinung'unika: mjane ana kiburi, mjane ana dharau, farasi wako wengi. Mkewe kimya. Walipofika nyumbani, akazima gari, akawa bado ananung'unika. Ndipo mkewe akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida ambayo humwambia chakula kiko tayari:

"Baba Mwenda, siku wazee wenu walipokuja kwetu, baba yangu aliuliza mambo mengi. Aliuliza una shamba. Aliuliza unasali wapi. Aliuliza ukoo wenu, hata ugonjwa wa babu yako aliuliza. Lile swali la leo hakuliuliza."

Mume akamgeukia. "Mimi nimewahi kukupiga?"

"Hujawahi. Umepiga meza. Umepiga milango. Yule mbwa ulimpiga akahama nyumbani. Nami kila ukipiga meza, hujiuliza itakuwaje siku ambayo meza haiko karibu."

Akashuka, akaingia jikoni.

Ndugu zangu, mtu yule alibaki ndani ya gari mpaka vioo vikatanda ukungu. Alikuwa akidhani nyumba yake ina amani kwa sababu ina ukimya. Ni wangapi kati yetu tunachanganya hivyo viwili? Mwanamke ananyamaza, unasema ameridhika. Watoto wananyamaza ukiingia, unasema wana adabu. Wafanyakazi wananyamaza, unasema nidhamu. Kumbe kila mmoja anatazama mkono wako umekaa wapi.

Alipoingia ndani hakujua aseme nini, na hasira ya kujitetea haikuwepo tena. Akasema tu, "Sikujua kwamba unaniogopa." Mkewe akamjibu, "Sasa umejua." Wakala kimya, ila kimya hiki hakikuwa kile cha zamani.

Wiki iliyofuata alirudi kwa yule mjane, peke yake. Alimkuta anachana manyoya ya farasi. Safari hii akasalimia kwanza. Kisha akasema, "Mama, nimekuja kulijibu swali. Mkono wangu huenda kwenye chochote kilicho karibu. Umekuwa hivyo tangu ujanani. Mimi nilidhani ni uanaume. Sikuja kununua. Najua huwezi kumkabidhi mtu kama mimi. Nimekuja tu ili nisiwe nimekudanganya."

Alipogeuka aondoke, yule mama akamwita.

"Mzee wangu, wamekuja wengi hapa kumtaka Kirimara. Kila mmoja nilimuuliza swali hilo hilo. Wote walinijibu kwamba mikono yao haiendi popote, kwamba wao hawajui hasira. Wote niliwakatalia. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu ukweli. Njoo umshike."

Akamwekea hatamu mkononi.

Lakini mjane yule hakuwa mjinga, wala neema si ujinga. Hakumwachia aondoke naye siku ile. Akamwambia, "Kila Jumamosi utakuja kujifunza. Siku nikiona farasi anakupa mgongo bila wasiwasi, mtaondoka pamoja." Mkulima akaja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Akifika na kero za nyumbani, farasi alijua kabla yake. Alikaza shingo, akasimama kama jiwe, na hakuna nguvu ya kumvuta mnyama wa ukubwa ule. Ilibidi mtu apumue, alegeze vidole, aombe upya. Je, mlijua kwamba kiumbe chenye nguvu kuliko wewe mara kumi huongozwa kwa vidole viwili vilivyolegea? Yeye hakujua. Alijifunza uzeeni, na nawaambia hajachelewa mtu anayejifunza.

Siwadanganyi kwamba alibadilika kwa usiku mmoja. Msimu wa mavuno mashine iliharibika katikati ya shamba, na mkono ukainuka. Ukabaki hewani. Wafanyakazi waliokuwa wamekwisha kurudi nyuma walimwona akiushusha na kuutazama kama wa mtu mwingine. Kisha akasema, "Tutafute fundi." Jioni akamsimulia mkewe. Mkewe akamwongezea chai, akavuta kiti, akakaa naye. Mwanamke huyo kwa miaka mingi alikuwa akinywa chai yake jikoni.

Kirimara alikuja Timau. Leo ukipita kule utamwona mzee juu ya farasi kando ya shayiri, na wakati mwingine juu ya farasi ni mkewe, anacheka kwa sauti mpaka majirani wanatoka nje, na mzee ndiye anayetembea mbele polepole, pamoja na magoti yake mabovu, akiongoza.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi ni hodari wa kukagua. Mkwe akija tunamkagua. Msichana wa kazi akija tunamkagua, mchungaji mpya akija, jamani, hata soksi zake tunazikagua! Tunafunua meno ya kila mtu. Nani ametukagua sisi? Na akitokea wa kutuuliza, tunasema ana dharau. Wapendwa, Bwana anapokuuliza habari zako si kwamba anatafuta sababu ya kukunyima. Ana kitu kizuri tayari amekishika, anataka kukukabidhi, na kinachokizuia si ubaya wako. Ni lile jibu lako la uongo, kwamba wewe huna neno.

Wazazi, atakapokuja kijana kuposa, ulizeni ng'ombe, ulizeni kazi, lakini muulizeni na hili. Na nyinyi mlioposa zamani bila kuulizwa, msiseme muda umepita.

Naona kwaya imeanza kuinuka. Ketini kwanza. Sitaki tuimbe tukiwa na jambo kifuani. Mgeukie uliyekuja naye. Kama ni mke, kama ni mama yako, kama ni mtoto, usimhubirie. Muulize, kwa sauti ndogo, kama anakuogopa. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Chai ya ushirika itapoa, na ipoe.