Moto wa Wawili

"Moto wa wawili haupimwi kwa mmoja." Mmemsikia kaka yenu Ambakisye akimwambia hivyo fundi aliyekuja kumwekea tangi la maji ya moto, nanyi mkanikimbilia mkidhani ni maneno ya wazee wa kale. Si ya kale hivyo. Yalitoka kinywani mwa babu yenu, hapa hapa Isongole, na chanzo chake ni hiki.

Mama yenu Tusekile alijifungua mtoto wake wa kwanza kabla ya siku zake, mwezi wa Julai, wakati ambao baridi ya huku haina adabu. Baba yenu alikuwa kazini mbali. Wauguzi walitukabidhi mtoto wakatuonya: chumba chake kisipoe hata kidogo, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani, maana hewa yake inaua. Niliogopa, wajukuu zangu. Nilikuwa nikimbeba naogopa hata kupiga chafya.

Babu yenu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Kule majani hukaushwa kwa hewa: mvuke unapita kwenye mabomba, feni inapuliza, joto linafika kwenye majani. Akasema atatengeneza kitu kama kile, kidogo, cha mjukuu. Tangi moja la maji lichemshwe kwa kuni nje ya nyumba. Bomba moja liende bafuni, jingine lipite kwenye rejeta, kile kipoza injini, ya gari bovu, na feni ipulize joto lake chumbani.

Na alipima! Urefu, upana, kimo cha dari, dirisha. Hata nyufa za mlango alizipitishia kiganja kutafuta upepo. Alfajiri aliamka kushika ukuta, ajue baridi inauma zaidi saa ngapi. Hapo ndipo akachagua ukubwa wa tangi. Mtambo ukakubali. Mtoto akaanza kunyonya kwa nguvu, na babu yenu akawa anatembea kama bwana harusi.

Lakini kwa mila zetu za wakati ule, mkwe hakuonana na baba mkwe wala hawakusemezana. Tusekile akisikia kikohozi chake, alijibanza nyuma ya mlango. Babu yenu naye alikohoa makusudi, ampe nafasi ya kujificha. Heshima ilikuwa tele, na humo ndani ya heshima jambo moja likapotea.

Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda. Mtambo ulipoanza kazi akaniambia, "Mama, pumzisha kiuno chako. Nitajikanda mwenyewe." Nikamwona ana huruma. Asubuhi moja nikamshika miguu nimvalishe soksi, nikakuta imepoa kama ya kuku aliyenyeshewa. Nikaenda bafuni, nikatia mkono kwenye ndoo. Maji ya baridi tupu!

"Tusekile, unajikanda na nini?"

Akainama. "Mama, nikifungua maji ya moto, upepo wa mtoto unapoa. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia."

Nililia. Kisha nikakasirika, nikatoka kumtafuta mume wangu. Alikuwa akichochea kuni.

"Tangi hili ulilipimia nini?"

"Chumba chote. Hata ufa sikuuacha."

"Na maji ya mzazi je?"

Akashtuka. "Mke wangu, mimi nitamuulizaje mkwe habari za kuoga?"

"Mkwe huwezi kumuuliza. Na mimi? Nami ni mkwe wako?"

Nikamwambia, "Anaoga maji ya baridi ili mwanawe apate joto."

Akaiweka kuni chini taratibu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni ndoo ngapi na huogwa saa ngapi. Nikamwambia ni jioni, na tena alfajiri, saa ileile ya ukuta wake unaouma. Akapima upya: chumba na bafu, vyote viwili vikitaka moto kwa pamoja, katika baridi kali kuliko zote. Tangi lile likang'olewa, akaunda jingine kubwa, na jiko lake akalipanua.

Maji yalipochemka, alikwenda kusimama nje ya dirisha la mzazi, akakohoa. Tusekile akajibanza. Babu yenu akasema na mtoto:

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako afungue maji mpaka yamtoshe. Wewe hutapoa tena. Mwambie babu alikosea: moto wa wawili haupimwi kwa mmoja."

Kisha nyuma ya mlango nikasikia, "Mwanangu, mwambie babu asante. Mwambie leo mama yako ataoga."

Babu yenu alijifuta macho kwa mkono wenye masizi, akashinda na michirizi usoni, nami sikumwambia.

Mtoto yule ndiye Ambakisye. Hakumbuki kitu, lakini ndiye aliyepewa maneno ayafikishe. Leo fundi alipomuuliza tangi liwe kubwa kiasi gani, mlimwona: aliinuka kwanza, akaenda jikoni kumuuliza mkewe. Moto wa wawili haupimwi kwa mmoja.