Anayeinuka Mkekani

Mimi nilikuwepo, tena mbele kabisa. Ng'ombe wa pekee wa Ngelela alikula mahindi ya tajiri Masanyiwa, na tajiri akamtaka ng'ombe mwenyewe.

"Tumgombee kwa bao, mzee," Ngelela akasema. "Kila mmoja atunge sheria moja."

Masanyiwa, aliyekwisha kumnywesha mwenzake vibuyu vya togwa, akacheka. "Yangu hii: anayeinuka mkekani, mwenzake amchezee."

"Na yangu: asemacho anayemchezea mwenzake hakirudishwi."

"Utalia leo, kijana!"

Wakacheza. Ngelela alibana mapaja kwa mkojo wa togwa, jasho likimtoka, kete zake zikizidi kuliwa. Mara tukasikia, "Hodi!"

Alikuwa mama mkwe wa Masanyiwa. Kwetu mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe, basi tajiri akaruka, akajificha nyuma ya ghala.

Ngelela akahamia upande wa pili wa bao. "Kwa niaba ya mzee Masanyiwa," akatangaza, "nimeshindwa."

"Mwizi wewe!" sauti ikafoka nyuma ya ghala, mwenyewe asithubutu kutoka.

Ngelela alikwisha kutimua mbio kuelekea vichakani.

"Ngelela, mwanangu!" mama mkwe akamwita. "Yale maboga uliyoniambia nije kuyachukua hapa, yako wapi?"