Sahihi ya Binti Kona

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu kabla Vumbwe haijapata lami ya kudumu, palikuwa na mhandisi wa serikali aitwaye Naetwe Mrutu. Alikuwa Mpare wa milimani, mcheshi, mpenda makande kuliko pilau ya harusi. Kazini walimwita Binti Kona, naye alicheka tu, kwa kuwa jina lilikuwa la haki. Mama yake alikuwa akishushwa kwa machela kwenda hospitali ya tambarare, uchungu ukamkamata njiani, akamzaa Naetwe kwenye kona ya tisa, juu ya majani ya mgomba.

Barabara ile ya kupanda Vumbwe ilikuwa na kona kumi na tatu, na ya tisa ndiyo iliyokuwa na roho mbaya. Iliwahi kuwekwa lami. Masika ya kwanza yakaja, yakaitelemsha lami yote korongoni. Sasa serikali ilitangaza zabuni upya, na Naetwe akawekwa kuwa mwenyekiti wa kamati, miezi mitatu kabla hajastaafu.

"Nikikosea hii," alimwambia mumewe, "sitakuwa na uso wa kurudi kwetu."

Masharti yalikuwa wazi: mkandarasi mmoja tu, hakuna kuungana wala kugawana. Barabara moja, jina moja, sahihi moja.

Wakajitokeza watatu. Wa kwanza, Zuhura Baruti wa Tanga, mhandisi kijana mwenye kampuni changa, hodari wa kupima ardhi, ambaye hajawahi kujenga barabara ya mlimani. Wa pili, Bwana Nkwabi, tajiri wa makatapila, na ndiye huyohuyo aliyeweka ile lami iliyosombwa. Wa tatu, Mzee Kiondo wa Vumbwe, mwenye greda moja kuukuu na nyundo nyingi, aliyeziba mashimo ya barabara ile miaka thelathini.

Wakubwa walipanga asubuhi wazabuni wote wapelekwe kuiona barabara, na saa kumi jioni sanduku la zabuni lifungwe ofisini kule chini. Kwa nini vyote siku moja? Waulizeni wao, mimi nasimulia tu.

Basi, siku ikafika, na mvua nayo ikafika. Naetwe akawaongoza wazabuni, gari la ofisi wakaliacha chini ya kona ya tisa, wakaipita kona kwa miguu. Mara Zuhura akasimama. Aliona ufa mwembamba mlimani, juu ya njia, na maji ya chemchemi yamegeuka mekundu. Papo hapo gari la wagonjwa likatokea juu, likishuka. Zuhura akavua mtandio wake, akakimbia katikati ya njia akiupunga na kupiga kelele. Dereva akashika breki. Hawajamaliza kutukanana, mlima ukashuka mbele yao, ukaifunika kona.

Ndani ya gari alikuwamo Nakijwa, mke wa mwalimu, na uchungu wake ulikuwa wa tangu usiku. Mbele udongo, na magurudumu ya nyuma yamezama kwenye tope.

Mzee Kiondo akachukua pembe lake, akalipuliza kama wanavyoitana Wapare kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Watu wakamiminika kutoka mashambani, huyu na jembe, huyu na panga, maana pembe likilia huulizi kuna nini. Akawaonyesha njia ya zamani, ile ya machela, iliyomezwa na magugu. Wakafyeka, wakabeba. Mzee akavua koti lake akamfunika Nakijwa. Walipotokea chini ya kona ya tisa, mtoto akazaliwa. Msichana. Naetwe aliyeshika mkono wa mzazi alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Lakini damu ya Nakijwa ikakataa kukatika. Na njia iliyoelekea chini nayo ilikuwa imezibwa na maporomoko mengine. Nkwabi alikwisha kupiga simu. Alikuwa na katapila kwenye kazi nyingine kule tambarare. Akalisimamisha, akaliamuru lipande. Akaliongoza mwenyewe, matope hadi magotini, likapasua udongo mpaka gari la ofisi likapita. Nakijwa akafikishwa hospitali. Akapona.

Saa kumi kamili sanduku likafungwa. Bahasha ya Zuhura ilikuwamo, aliikimbiza mara njia ilipofunguka. Bahasha ya Nkwabi ilikuwamo, maana karani wake aliitumbukiza tangu asubuhi. Saa kumi na robo akaingia Mzee Kiondo, bahasha mkononi, ina damu.

"Ilikuwa mfukoni mwa koti," akasema. "Koti lilikuwa na kazi."

Bahasha iliyochelewa hurudishwa bila kufunguliwa. Ila masharti yale yalimruhusu mwenyekiti kuipokea kwa maandishi yake mwenyewe, na lawama zikija ziwe zake mwenyewe.

Siku ya kuamua, wajumbe wakagawanyika. Naetwe akawaita wote watatu.

Zuhura akasema, "Mama, bila mimi mngefukua maiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa nimeuona mimi. Nimechora mitaro ya kutoa maji yale. Mgeni njoo mwenyeji apone."

Nkwabi akasema, "Injinia, bila katapila langu yule mama angekufa amekumbatia mwanawe. Ndiyo, lami iliyosombwa ni yangu. Nilikimbiza kazi, sikupima maji. Tangu hapo nikiona mvua silali. Kosa moja haliachi mke. Niacheni niitengeneze aibu yangu."

Mzee Kiondo akasema, "Mwanangu, bila pembe langu mtoto yule angezaliwa topeni. Mitambo itaondoka, mimi nitabaki na mlima. Mwaka uliozaliwa wewe, nguzo ya mbele ya machela ya mama yako ilikuwa begani kwangu. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwa sababu najua njia."

Naetwe akainamisha kichwa. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa.

Mlango ukabishwa. Akaingia Nakijwa, kitoto mgongoni, amekuja kurudisha koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Wakamuuliza, "Wewe ungempa nani?"

Akawatazama mmoja mmoja. "Wote ni baba na mama zangu," akasema. "Mimi naomba jambo moja. Huyu binti siku yake ya kuzaa ikifika, asizae kona ya tisa."

Akaaga. Naetwe akaivuta karatasi. Nje mawingu ya masika yalianza kujikusanya juu ya Vumbwe. Barabara moja, jina moja, sahihi moja.

Nanyi mnaonisikiliza, acheni kunong'onezana, semeni kwa sauti: aliyeuona ufa, aliyekosa akaja kuokoa, au aliyechelewa kwa sababu alibeba. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, jina la nani ungeliandika?