Ufunguo wa Umeme wa Isalalo

Kabla sijafungua kinywa, apeni kwanza. Kila mmoja ashike sikio lake aseme: nililolisikia hapa litalala hapa. Mmeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa hivyohivyo, kwa mtu ambaye mpaka leo ananiamkia kwa heshima, na mnaona nilivyokaa hapa nikiwasimulia. Sogeeni.

Kule Isalalo, kwenye mgodi wa dhahabu ambao nguzo za umeme hazijawahi kuufikia, majenereta ya dizeli yalinguruma miaka kumi na tisa. Kisha wakaletewa umeme wa jua. Paneli mia mbili zikapangwa kilimani, betri zikajaa chumba kizima, na katika majenereta matatu likabaki moja tu, la kusaidia siku za mawingu.

Umeme huo ulilelewa na watu watatu. Mzee Nkwabi alijaliwa sikio: jenereta likikohoa, alijua ubavu gani unauma. Fundi Shaweji, kijana wa pwani, alijaliwa kichwa: alizisoma hesabu za betri kama watu wanavyosoma barua ya posa. Milembe, mjane aliyeosha paneli kila alfajiri, alijaliwa mkono. Vumbi la kinu cha mawe lilimjua kwa jina.

Ikaja wiki ya mawingu na manyunyu. Siku ya tano, mchana, watu tisa wakiwa chini ya shimo, betri zikaishiwa nguvu. Pampu ya kutoa maji shimoni ikalegea, winchi ya kupandishia watu ikagoma. Jenereta likawashwa, likakataa.

Shaweji akakimbilia swichi. Akazima ofisi, jiko, kinu, hata friji ya meneja na nyama yake ndani, ili umeme uliobaki uende kwenye pampu peke yake. Pampu ikapata nusu saa.

Mawingu yakapasuka kidogo, lakini paneli zilikuwa zimegandwa na tope. Milembe akavua kanga ya begani, akafuta safu baada ya safu mpaka vidole vikatoka damu. Pampu ikapata nusu saa nyingine.

Na Nkwabi? Aliegemeza sikio kwenye chuma, akasema, "Limemeza hewa." Akaufungua mpira wa mafuta, akafyonza dizeli kwa mdomo, akatapika, akafyonza tena, mpaka hewa ikatoka. Likanguruma. Winchi ikapandisha watu tisa, wa mwisho maji yamemfika kidevuni.

Mtoe mmoja kati ya hao watatu, mgodi ungezika watu tisa.

Baada ya wiki moja, meneja, Bi Kahabuka, akatangaza kwamba inakuja mitambo inayojiendesha yenyewe. Atabaki mlinzi mmoja wa umeme, mwenye kushika ufunguo. Wawili watafungasha. Jina litatajwa Ijumaa.

Hapo ndipo yakaanza mambo. Milembe anaosha alfajiri, ikifika saa sita paneli zimechafuka tena. Anaosha upya mbele za watu, watu wanamwonea huruma. Na macho yote kwa Nkwabi.

"Mzee, bado unamtamani mke mkubwa," Gamba mpishi alimchokoza akimpakulia ugali, Milembe akiwa nyuma yake kwenye foleni. "Unammwagia mke mdogo mchanga ili dizeli irudi."

Nkwabi hakucheka. Kazi angeweza kuipoteza, alishazeeka. Lakini kuondoka na jina la mharibifu, jina ambalo wajukuu wake wangelibeba, hilo hapana.

Ijumaa, karibu saa sita, mgodi umekusanyika mbele ya ofisi, Nkwabi akainuka.

"Meneja, usitaje jina kwanza. Asubuhi Shaweji kazikagua paneli, zilikuwa safi. Mimi nimekaa hapa tangu saa mbili, mnaniona. Twendeni sote tukaangalie."

Wakapanda kilimani. Nyuma ya safu ya tatu wakamkuta Milembe, beseni la vumbi la kinu kiunoni, kiganja kimejaa, vumbi jingine lishamwagika juu ya kioo cha paneli.

Hakukimbia. "Masika inakuja," alisema. "Mvua ikiziosha yenyewe, nani atakumbuka kuna Milembe? Nilitaka mnione nikiosha. Baba Nkwabi, sikujua kama watakushuku wewe."

"Jana ulijua, mwanangu. Jana Gamba alinitaja, na wewe umesimama nyuma yangu."

Milembe akalitua beseni chini.

"Ulianza lini?" Shaweji akauliza. "Kabla ya siku ile ya shimo, au baada?"

"Baada. Haki ya Mungu, baada."

Wako walioamini, wako walioguna wakilikumbuka tope la siku ile. Bi Kahabuka akauweka ufunguo kiganjani mwa Nkwabi. "Jina lililochafuliwa ni lako, mzee. Mpe anayestahili, hata kama ni wewe mwenyewe."

Nkwabi akamtazama kijana anayezijua betri lakini halijui jenereta. Akamtazama mjane mwenye vumbi mkononi. Akajifikiria mwenyewe, ambaye hesabu za betri kwake ni giza. Na wale tisa walikuwa wamesimama papo hapo, wazima, wanamngoja aseme.

Haya, nyie mlioapa. Ufunguo huo ungekuwa kiganjani mwako, ungempa nani?