Mbio za Namsifu na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na si zamani ya kutisha, maana simu zilikuwepo na vocha zilikuwa za kukwangua kwa ukucha, palikuwa na kijiji juu kabisa ya milima ya Upare, kikiitwa Kiruveni. Sogeeni karibu. Anayetafuna ameze kwanza, kwa sababu mwishoni nitadai jibu.

Kiruveni walikuwa na zahanati, lakini zahanati haikuwa na wodi ya wazazi. Mwanamke akishikwa na uchungu alilazwa kwenye machela, akateremshwa mlimani kwa njia ya mawe mpaka barabarani penye gari. Wengine walifika. Wengine walijifungulia njiani. Nanzia, binti wa Namsifu, alijifungulia njiani, na mtoto hakulia. Namsifu ndiye aliyempokea mtoto yule kwa khanga yake, na tangu siku hiyo kila alipopita kwenye ile kona alitazama upande wa pili. Sasa Nanzia alikuwa mjamzito tena. Namsifu aliogopa, tena aliogopa sana, wala hakuficha.

Kijiji kikaitana kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, wajenge wodi yao. Wakabeba mawe, wakabeba mchanga, kuta zikasimama. Paa likawashinda. Mvua ikawa inanyesha ndani ya kuta kana kwamba wamejenga bwawa.

Basi alikuwepo mama mmoja wa Kichaga, Aikaruwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Alipanda Kiruveni siku za gulio kununua tangawizi. Mchaga na Mpare ni watani, na mtani hana adabu wala haombwi kuwa nayo. Aliwakuta kina mama wakichangisha fedha za mabati, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, lakini mchango hatoi. Namsifu, aliyekuwa mnene na mwenye mdomo, akamjibu kwamba Mchaga akifa, angusha sarafu karibu na jeneza. Asipoamka, huyo mzikeni, amekufa kweli.

Gulio zima likacheka. Aikaruwa hakupenda kuchekwa katikati ya tangawizi zake.

"Haya, mtani wangu," akasema. "Mjini kwetu kuna mbio ndefu za hisani. Kila mkimbiaji ana mdhamini wake na jambo analolikimbilia. Kimbia wewe na mwili huo, mimi nitakudhamini. Ukifika mwisho kwa miguu yako, nawaezekea wodi nzima. Ukishindwa, unakuja kwangu kunipikia mtori wa ndizi msimu mzima, na kila siku useme mtori wa Kichaga hauna mfano."

Namsifu akakubali kabla hajauliza ni umbali gani. Alipoambiwa ni kilomita arobaini na mbili na ushei, alikaa chini. Lakini neno la utani likishasemwa gulioni halimezwi.

Kesho yake asubuhi akajifunga khanga kiunoni, akatoka mbio. Hapo ndipo alipokosea. Kiruveni mwanamke mtu mzima hakimbii barabarani. Akikimbia, pana msiba, au pana moto, au nyuki wameamka. Watu walipomwona wakatoka nao mbio. Mwalimu akaacha darasa. Fundi cherehani akaacha suruali ya watu ikiwa na mguu mmoja. Kina mama wakaja wamejitanda, wako tayari kulia. Wakamuuliza nani amefariki. Akawaambia hakuna, anafanya mazoezi. Wakarudi wamenuna. Siku ya pili akakimbia, wakakimbia, wakarudi wamenuna zaidi. Siku ya tatu mtu akafika kwake na sufuria la maharage ya matanga.

Mama mkwe wake, Nakiete, mzee wa fimbo na maneno machache, akamwita.

"Mke wa mwanangu, wiki hii nimetangazwa nimekufa mara mbili. Ukitaka kukimbia, kimbia na mzigo. Mwenye mzigo akienda mbio huitwa mchapakazi. Asiye na mzigo huitwa kichaa."

Akamsukia ngata ya majani ya mgomba, akamtwika mzigo wa nyasi za ng'ombe. Tangu siku hiyo Namsifu akapanda na nyasi, akashuka na nyasi, akapanda na kuni, akashuka na kuni, akapanda na ndoo, akashuka na ndoo, na hakuna aliyemfuata na maharage. Nyasi zikidondoka, Nakiete humrudisha alikotoka. Mwili ukapungua, pumzi ikarefuka. Ng'ombe wa Nakiete naye alinenepa mpaka wageni wakauliza bei.

Siku ya mbio ikafika. Namsifu akavaa raba za kuazima, akajipanga na vijana waliokonda mithili ya fito. Wakaondoka, naye akaondoka. Lakini kichwani hapakuwa na kitu. Shingo ikayumba, mikono haikujua iende wapi, pumzi ikaingia kabla ya zamu yake. Alikaza roho mpaka alipopita nusu ya njia, kisha akakaa juu ya jiwe, akavua raba. Akasema moyoni, basi, nimeshindwa. Akaiona machela. Akamwona Nanzia juu yake, na kona ile. Akalia pale barabarani, mtu mzima, bila kujali anatazamwa na nani.

Aikaruwa alikuwa anamfuatia kwa pikapu, na nyuma ya pikapu alikuwa na mkungu wa ndizi, maana hakuwa na shaka ya mtori wake. Akashuka anacheka. Akamwambia mtani, kama umechoka, beba kabisa ndizi zako tukaanze kupika. Akamtwika ule mkungu kichwani, watu wa kando ya barabara wakapiga makofi.

Namsifu akasimama. Shingo ikanyooka. Mabega yakashuka. Pumzi ikarudi kwenye zamu yake. Akajaribu hatua, miguu ikamjua. Akaondoka pekupeku na mkungu kichwani, na Aikaruwa akimkimbiza nyuma, amevua viatu vyake na kuvishika mkononi, akidai ndizi zake. Akapita waliochoka, akapita waliokuwa wakitembea, akafika mwisho wakati mahema yanafungwa. Msimamizi akakuna kichwa. Kanuni zilikataza baiskeli na pikipiki, ndizi hazikutajwa.

Aikaruwa hakuvunja ahadi. Mabati yakapanda mlima, misumari ikapanda mlima, wodi ikaezekwa, na siku ya kuezeka kijiji kizima kikaapa: mtoto wa kwanza kuzaliwa chini ya bati hili, akiwa wa kike au wa kiume, atapewa jina la mtu aliyelileta. Wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza huyo mtu ni nani, kwa kuwa kila mmoja alidhani anamjua.

Asubuhi moja, mvua ikipiga bati, Nanzia akajifungua. Mtoto wa kike. Akalia, tena akalia kwa sauti ya kudai, mpaka waliokuwa nje wakasikia. Namsifu alisimama ukutani, akamsikiliza, hakutaka anyamaze.

Muuguzi akauliza jina.

Namsifu akasema, "Miguu ni yangu na malengelenge ni yangu. Wa kwanza nilimzika hana jina. Huyu nataka aitwe Namsifu, nimwite na aniitikie."

Nakiete akagonga fimbo. Akasema miguu anayo kila mtu, hata kuku. "Aliyekufundisha kukimbia na mzigo ni nani? Bila ngata yangu, ndizi zile zingekuvunja shingo. Mimi ni mzee, jina langu linakaribia kuingia kaburini. Mwacheni huyu abaki nalo."

Aikaruwa, aliyekuwa amepanda na bakuli la mtori kwa mzazi, akasema mabati ni yake, ndizi ni zake, na matusi yaliyoanzisha yote ni yake. Tena amezaa wavulana watupu, hana wa kumrithi jina. Wazee wa ukoo waliposikia Mpare anataka kuitwa Aikaruwa, mmoja wao aliomba kiti.

Hapo kesi ikaanza, na mnajua watu wa Kiruveni na kesi. Wakamwambia Namsifu, wewe ulikwisha kata tamaa, ulikuwa umekaa juu ya jiwe. Wakamwambia Nakiete, wewe ulikuwa unaficha aibu na kulisha ng'ombe, mbio hukuziwaza. Wakamwambia Aikaruwa, wewe ulimtwika ili achekwe, si ili afike. Kila mmoja akakiri kwamba ni kweli, na hakuna aliyeliachia jina. Nanzia alipoulizwa, alisema yeye amechoka, ameshazaa, sehemu yake imekwisha.

Jua limepanda. Mtoto ameshiba, anatazama bati. Muuguzi bado ameshika kalamu.

Haya, ninyi mliokula hadithi yangu bila kulipa: aliyekimbia na kukata tamaa, aliyefundisha bila kukusudia, na aliyeokoa kwa dhihaka. Je, nani alistahili aitwe kila mtoto huyu anapoitwa?