Perere na Mwito wa Marehemu Bibi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, aliishi mama mmoja aitwaye Perere. Mnamjua perere? Kamnyama kadogo, hakana hata mkia. Lakini sauti yake, weee! Tulieni, tutaifikia.

Kwao kulikuwa mlimani, kwenye msitu wenye ukungu. Moto ulipouteketeza, Perere alimbeba binti yake mgongoni akahamia nchi ya bondeni, kando ya mto.

Siku ile ile akamuuliza jirani yake, Chura, "Jirani, yule anayeelea kule ni nani?"

"Mamba huyo."

"Na anayecheka kichakani?"

"Fisi. Usihofu, mama, sisi tumewazoea. Wanakula mmoja mmoja tu."

"Mmoja mmoja!"

Tangu hapo Perere hakuwa na raha. Jani likisema kwacha, anamkumbatia binti yake. Akawa anakumbuka kwao: ukungu wa asubuhi, harufu ya majani mabichi, na marehemu mama yake akipanda juu ya mti kila jioni kuwaita wote waje kula. Jamani, aliikumbuka sauti ile hadi kifua kikamuuma.

Alasiri moja wakaja kweli. Mamba mlangoni, Fisi dirishani.

"Hodi!"

"Ka-karibuni."

"Hatukai sana," akasema Mamba. "Tumekuja kula."

"Kula nini?"

"Wewe. Na binti yako wa kushushia."

Perere akamvuta binti yake karibu. "Haya. Lakini hamjaniuliza habari za nitokako. Bondeni hapa mnakula bila adabu?"

Fisi akaona haya. "Habari za kwenu, mama?"

"Mbaya! Mnadhani tulikimbia moto? Tulimkimbia Mwitaji."

"Ndiye nani?"

"Hatujui. Aliyemwona hajarudi kusimulia. Huita tu kutoka juu. Ukiitika, umeliwa. Ukinyamaza, umeliwa. Hupona anayekimbia."

"Uongo!" akasema Mamba, lakini mkia wake ulitulia ghafla.

"Haya, uongo. Ngojeni niwaletee maji ya kunawa. Au mtakula na mikono michafu?"

"Nenda," akasema Fisi. "Binti abaki hapa."

Basi Perere akatoka na kibuyu. Aliharakisha, maana mwanawe alikuwa ndani. Alipopita nyuma ya nyumba akatupa kibuyu, akaparamia mkuyu, paru paru paru! Akafumba macho, akamkumbuka mama yake, akafungua koo:

"Krrr! Krrr! Kriiiaaaah!"

"Mwitaji!" Fisi akapiga kelele. Mamba akaelekea mtoni, chubwi! Fisi akapitia dirishani na fremu yake shingoni. Hadi leo bondeni hawajamwona.

Binti naye alikimbia, lakini yeye aliukimbilia mkuyu, anahema.

"Mama, bibi yuko wapi?"

"Bibi gani, mwanangu?"

"Nimemsikia anatuita tukale!"

Perere akashuka, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli. "Bibi yumo humu kooni mwangu," akasema. "Sikujua kama nimehama naye."

Kuanzia siku ile kila jioni alipanda mkuyu akaita, na Mamba na wenzake hawakusogea tena.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkihama msiache nyuma sauti ya kwenu, itawatetea ugenini. Haya, nendeni mkanawe, mama yenu anawaita.